Sanduku la Chumbani

Pampu nyekundu zilisimama zote. Ilianza ile ya mwisho karibu na ukuta, ikafuata ya jirani yake, kisha zikawa zinanyamaza moja baada ya nyingine ndani ya mitungi yake ya maji ya chumvi, mpaka upande mzima wa meza ukawa kimya. Upande wa pili, pampu za bluu, za kijivu, na zile nyeupe za wenye pesa zao, ziliendelea kudunda bila wasiwasi.

Lusajo, mwenzangu wa karakana, akasema labda waya umelegea. Nikamwambia waya haulegei kwa rangi. Tukarudisha toleo la zamani la hesabu zetu, nyekundu zikafufuka. Tukaweka toleo jipya, zikafa tena. Tulirudia hivyo mpaka nikaichukia meza yenyewe, maana kila zikisimama nilikuwa naona vifua vya watu.

Niseme kazi yangu. Mimi ni Twilumba Mgaya, mtunzaji wa Maktaba ya Mapigo, hapa Njombe. Maktaba yetu haina vitabu. Ni mkusanyiko wa hesabu zinazoiambia pampu ya moyo ipige kwa nguvu gani na kwa kasi gani. Tangu homa ya vumbi ipite na kuwaachia watu mioyo iliyolegea, kila anayetembea na pampu kifuani anatembea na Maktaba yetu ndani yake. Wenye viwanda wanatengeneza chuma, betri na programu zao wenyewe za kuendesha hicho chuma. Hesabu wanachukua kwetu.

Na Maktaba hiyo tumeijenga kama nyumba ya watu wenye adabu. Ina sebule na ina vyumba. Sebuleni kuna milango ambayo tumeitangaza hadharani, kila mmoja na jina lake na maelezo yake, na tumeapa kwamba hatutaibadilisha. Pampu inabisha hodi, inauliza, "Nipige vipi sasa hivi?" inajibiwa, inaondoka. Vyumbani ndiko tunakoweka vitu vyetu. Huko tunahamisha kitanda tunavyotaka, tunabomoa ukuta, tunatupa kabati bovu, bila kumuomba mtu ruhusa. Na ili asije mtu kusema hakujua, kila kitu cha huko ndani tumekipa jina linaloanza na neno "chumbani". Mgeni aliyelelewa vizuri akiliona neno hilo anageuka.

Nikaifungua programu ya pampu nyekundu, maana mtunzaji ana haki hiyo pampu ikifia mezani kwake. Nikasoma kuanzia juu mpaka chini. Haikuwahi kubisha hodi hata mara moja. Ilikuwa inaingia moja kwa moja chumbani, kwenye kisanduku tulichokiita chumbani_pigo_la_mwisho, inachota ilichokikuta humo na kwenda zake. Nilitukana. Lusajo, ambaye ni mlokole na hapendi matusi, akaniomba nipunguze sauti. Kisha akasogeza kiti akasoma mwenyewe, na neno alilolitoa sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Kisanduku hicho ndicho tulichokuwa tumekiondoa. Tulikiondoa kwa sababu kilikuwa kinaua watu.

Katika toleo la zamani, Maktaba ilikuwa inapiga hesabu mapema, kabla haijaulizwa, na kuweka jibu pembeni kwenye kisanduku kile ili atakayeuliza asisubiri. Mtu mzima wa afya hapati tabu. Lakini mtu akishikwa na homa kali, moyo unabadilika haraka kuliko kisanduku kinavyojazwa. Pampu inapewa pigo la moyo uliokuwepo muda uliopita, siyo moyo uliopo. Inajikwaa, inasimama. Ndiyo maana toleo jipya halipigi hesabu yoyote mpaka liulizwe. Likiulizwa, linaupima moyo palepale na kujibu.

Kaka yangu Odilo alikuwa amelala hospitali, mwendo mfupi tu kutoka karakana, na pampu ya bluu kifuani na malaria aliyoitoa bondeni alikopeleka mbao. Kila alasiri homa ilipanda, na kila homa ilipopanda pampu ilisimama. Daktari Mhagama alikuwa anaiamsha kwa kumpiga umeme kutoka nje. Alikuwa ameshaniita pembeni akanieleza kwamba moyo wenyewe umechoka na ile mishtuko, na kwamba hategemei uvumilie mingi zaidi. Pampu aliiacha ilivyo kwa sababu kumpasua katika hali ile ni kumzika. Alichokuwa anakisubiri ni toleo jipya, na toleo jipya lilikuwa limemaliza majaribio yote. Lililobaki ni muhuri wangu.

Utauliza kwa nini nisimtumie toleo hilo Odilo peke yake. Haiwezekani, na haiwezekani kwa makusudi. Zamani wenye pesa walikuwa wanauziwa matoleo bora kuliko wengine, watu wakaandamana, ikapitishwa Sheria ya Toleo Moja. Mnara wa mawasiliano ukitangaza toleo, pampu zote nchini zinapokea kwa wakati mmoja, ya waziri na ya muuza nyanya. Pampu haikubali kitu ambacho mnara haujakitangaza kwa wote. Sheria nzuri mno. Nilikuwa mmoja wa walioishangilia.

Lusajo akaja na wazo la kurudisha kisanduku kama pambo, tukijaze majibu ya toleo jipya ili nyekundu ziendelee kuchota humo. Tukajaribu. Zikapiga pigo lilelile bila kubadilika, kisha zikanyamaza. Toleo jipya linahesabu likiulizwa tu, na nyekundu haziulizi. Hazikuwahi kuuliza.

*

Pampu nyekundu zinatengenezwa Makambako, kwenye kiwanda cha Edgari Nyagawa. Nilikwenda asubuhi iliyofuata. Nilitaka kumwona mtu usoni.

Nyagawa ni mwembamba, mpole, ana sauti ya mtu anayesoma masomo kanisani. Alinikaribisha chai, nikakataa, akanitengea hata hivyo. Nikamweleza kilichotokea mezani kwetu. Nilitegemea akane. Hakukana. Alisema anajua, kwamba walifanya hivyo tangu pampu ya kwanza, na akaanza kunieleza kwa upole uleule kwa nini.

Wateja wake ni wakulima wa mpunga huko bondeni, watu wanaoshinda ndani ya maji na umeme wao ni wa kubahatisha. Kila pampu inapobisha hodi sebuleni kwetu, Maktaba inaipima, inaihakiki, ndipo inajibu, na uhakiki huo unakula betri. Pampu ya bluu inataka kuchajiwa asubuhi na jioni. Nyekundu, kwa kuwa inachota tu na kuondoka, inamaliza siku kadhaa. Akaniuliza kama ninamjua mkulima wa mpunga anayeweza kukaa kando ya soketi kutwa mara mbili msimu wa kupandikiza. Pampu hizo, akasema, ndizo zilizowarudisha watu shambani.

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa anasema kweli. Ningependa sana awe mwizi wa kawaida.

"Kwa nini hamkuomba?" nikamuuliza. "Mngesema tunahitaji mlango mwepesi, usiokula betri, tungekaa tukautengeneza. Ndiyo kazi yetu."

Akatabasamu, na lile tabasamu lilinikera kuliko yote aliyoyasema. "Dada Twilumba, tuongee kama watu wa hapa. Nikiandika barua ya kuomba mlango, nitajibiwa lini? Na nani? Ukitaka kitu kiende unamtafuta mtu unayemfahamu humo ndani. Mimi nilikuwa namfahamu mzee Kyando. Nikampigia, akanielekeza kisanduku kilipo. Ilituchukua mchana mmoja."

Mzee Kyando ndiye aliyenifundisha kazi. Ndiye aliyekuwa mtunzaji kabla yangu, na sasa ndiye mkurugenzi. Neno "chumbani" lilikuwa lake.

Nikamuuliza Nyagawa kama anajua watu wake wangapi wamekufa na homa. Akasema bondeni malaria ipo siku zote. Nikamwambia kisanduku alichoelekezwa ndicho chenye kasoro. Wale aliodhani wamekufa na malaria, pampu yake iliwaangusha katikati ya homa, na kwao hakukuwa na daktari wa kuiamsha. Chai yake ikabaki mkononi. Mtu mpole akinyamaza hujui kama anaumia au anapiga mahesabu, na mimi sikuwa na subira ya kusubiri nijue. Nilitaka kumpiga kofi. Nasema wazi, nilitaka.

Aliponyanyua uso aliniomba nisitoe toleo. Programu ya pampu zake haibadilishwi kwa mnara. Ili ziwe nafuu waliondoa kipokezi cha pili, kilichobaki kinapokea Maktaba tu, hivyo kila mwenye pampu lazima aje kliniki achomekewe waya. Walikuwa maelfu, wametawanyika mashambani. Akasema akipata mlango mwepesi kutoka kwetu atawaita wote, na alinipa makadirio yake kwa uaminifu. Yalikuwa wiki, siyo siku.

Nikamwambia kaka yangu hana wiki. Akasema, "Pole sana," na nadhani alimaanisha. Niliondoka bila kuaga.

*

Mzee Kyando hakushtuka. Alinisikiliza ameegemea kiti, akaniita "binti yangu" kama zamani, akasema suala hili halina utata kabisa. Mwongozo wetu unasema vya chumbani havina dhamana, anayevigusa anavigusa kwa hasara yake. Toleo limepita majaribio. Nitie muhuri, wagonjwa wa homa wapone, na kama pampu za Makambako zitasimama, hilo ni jukumu la Makambako.

Nikamkumbusha aliyewaonyesha kisanduku.

Akasema alikuwa anamsaidia kijana wa nyumbani aliyekuwa anaanza maisha, hakuna aliyekula hela, na mambo hayo kila mtu anayafanya. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini ya kunishauri, kwamba tangazo litakapotoka lisiseme habari za kisanduku. Liseme hitilafu ya betri.

Nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo kwa nini hasira zangu hazikunipofusha pale pale. Nadhani ni kwa sababu alikuwa upande wangu. Kila alichokitaja kuhusu mwongozo mimi ndiye niliyekuwa nikikipigania miaka yote. Mimi ndiye niliyewafukuza wageni vyumbani. Mimi ndiye niliyesema asiyeheshimu mlango asije kulia ukuta ukihama. Na sasa haki hiyo yote ilikuwa imetandazwa mezani kama mkeka, nikaribishwe kukaa, na chini yake wamelala wakulima wa mpunga. Mkulima hajui sebule wala chumba. Alifunguliwa kifua akiwa usingizini, akaamka na pampu nyekundu, akashukuru Mungu. Hakuvunja mlango wa mtu. Aliyevunja ni Nyagawa, na aliyemshikia taa ni huyu mzee mbele yangu, na wote wawili mioyo yao ni mizima, haina pampu ya rangi yoyote.

"Mzee," nikasema, "wewe ungetia muhuri?"

"Muhuri ni wako," akajibu. "Mimi nakwambia tu kwamba hakuna atakayekulaumu."

Nilimwambia kwamba Nyagawa ataingia redioni mchana huohuo aseme mwenyewe walichofanya, na kwamba akikataa nitaingia mimi na nitataja majina yote mawili. Akaniambia nikapumzike, kwamba ugonjwa wa kaka umenichanganya. Nikafunga mlango wake kwa nguvu mpaka karani wa nje akasimama.

Nilimpigia Nyagawa nikamwambia hivyo hivyo, naye akaenda. Hilo nampa. Nilimsikiliza nikiwa karakana: alisema pampu nyekundu zilitengenezwa vibaya, siyo betri, ni sisi, akawaomba watu waje kliniki, akaonya kwamba mwenye homa asisubiri hata saa moja. Sauti yake ya kanisani ilikatika mara mbili. Sikumwonea huruma. Lusajo alikuwa ameshaanza kuandika mlango mwepesi, sebuleni, wenye jina na maelezo yake. Alinionyesha ulivyo mfupi. Ule mlango ambao hakuna aliyeuomba kwa miaka yote ile aliumaliza kabla chai haijapoa, majaribio ndiyo yalibaki. Niliutazama nikaona giza kwa hasira.

Kisha akaniuliza, bila kuniangalia, kama tunatoa toleo sasa au tunasubiri kliniki. Nilichukua koti nikaenda hospitali.

*

Odilo ni fundi wa mashine za kupasua mbao. Maisha yake yote ameongea kwa kelele, kwa kuwa mashine hazinyamazi, na hata kitandani, na mpira wa maji mkononi, alinisalimia kwa sauti iliyogeuza vichwa vya wodi nzima. Homa ilikuwa haijapanda. Mkewe, wifi Lustika, alikuwa ametoka na watoto kwenye benchi la korido.

"Lusajo kanipigia," akasema kabla sijakaa. "Anasema dawa yangu iko tayari ila wewe umeikalia."

Nikamweleza yote, kisanduku, Makambako, Kyando, wakulima. Alinikatisha mara moja tu, kumwita Kyando jina la mnyama. Nikamaliza. Nami, nikiri, nilikuwa nangoja. Nilikuwa nangoja aseme lile neno ambalo wagonjwa wazuri husema, kwamba maisha yake siyo bora kuliko ya wengine, nifanye ninaloona ni haki. Nilikuwa nimeshaandaa machozi ya kulipokea.

"Sikia, Twilu," akasema. "Usinifanye mtakatifu. Mimi nataka kuishi. Hao watu siwajui. Nina watoto watatu hapo nje na mdogo bado hajui kufunga viatu. Kama una kitu cha kuniponya, nipe."

"Nikikupa wewe, wao wanasimama wote kwa mpigo mmoja. Mashambani. Hakuna daktari wa kuwaamsha."

"Waliosababisha siyo mimi."

"Siyo wewe. Wala siyo wao."

"Na wewe ungekuwa kitandani hapa?"

"Ningesema kama wewe," nikamwambia. "Ningepiga kelele kukuzidi."

Akacheka kidogo, kicheko kikamletea kikohozi, nikamshika bega mpaka kikapita. Mashine iliyo kando ya kitanda ilionyesha joto limeanza kupanda. Alasiri ilikuwa inafika. Nesi akaja, akatazama, akaenda kumwita Mhagama bila kukimbia, kwa mwendo wa mtu aliyeizoea safari hiyo.

Nilikuwa nimeshafanya uamuzi. Sijui niliufanya wapi, labda barabarani, labda kwa Kyando nilipofunga ule mlango. Nilikuwa namchukia Nyagawa, namchukia mzee, na kwa dakika ile nilimchukia hata Odilo kwa kunikatalia ruhusa, na hakuna chuki hata moja kati ya hizo iliyonisaidia kubadilisha neno.

"Kaka, sitatoa toleo leo," nikasema. "Wala kesho. Nitalitoa nyekundu ya mwisho ikishachomekwa waya. Daktari atakuamsha kila mara atakavyoweza, na mimi nitakuwa hapa. Lakini silitoi."

Nilidhani atanitukana, na ingekuwa nafuu. Macho yake yalikuwa yameanza kupata ule mng'ao wa homa.

"Umeniambia mwenyewe," akasema, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ikiwa ndogo. "Sawa. Sasa toka hapo nje ukawaambie na watoto hivyo hivyo. Usimtume Lustika. Usimtume daktari. Uwaambie wewe kwamba dawa ya baba ipo, na shangazi ndiye aliyeizuia."

Mhagama aliingia na kile kisanduku chake cha umeme, akaniomba nipishe. Nikatoka. Koridoni watoto walinyanyuka kwenye benchi wote kwa pamoja waliponiona, na yule mdogo akaja mbele, kamba za viatu zikiburuta sakafuni, akaniuliza kama nimeleta dawa.

Nikapiga magoti nimfunge viatu kwanza. Kisha nikamwambia.